Mkebe wa Chupa Zilizobaki

Mpendwa mshauri,

Kabla sijaomba msaada naomba radhi, kwa kuwa ulipata kunijibu katika ukurasa huu huu wakati mwanangu alipotaka kuoa msusi nami nikawa nimekataa katakata, ukaniambia kwamba msusi si tusi na kwamba mke huchaguliwa na yule atakayezeeka naye, nikayameza maneno yako kama mtu amezavyo shubiri, nikamkubali binti wa watu, ndoa ikafungwa na imedumu, lakini sikukuandikia hata mstari mmoja wa kushukuru. Nilifanya kazi kwenye dirisha la posta hadi nikastaafu, kwa hiyo siwezi kusingizia kwamba sikujua bei ya stempu. Nisamehe.

Shida yangu ya sasa inatoka kwa msusi huyo huyo.

Ninaishi katika ua wa vyumba vya kupanga, vyumba vinavyotazamana, bomba moja katikati na kamba za nguo zinazopita juu ya vichwa vyetu. Mimi nina chumba changu, mwanangu na mkewe wana chao, tunatenganishwa na ukuta tu, na kwa kuwa mwanangu yuko kwenye machimbo ya mawe na huja nyumbani kwa nadra, na mkwe wangu hushinda saluni, mjukuu wangu hushinda nami. Ana umri wa miaka mitatu. Tunamwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hajanyamaza. Huongea na bomba, huongea na kuku, huongea na watu walio msalani hadi watoke.

Chini ya kitanda changu kuna mkebe wa biskuti, na ua mzima unaujua. Jirani yetu mpishi wa shule, ambaye tunamwita Mama Pacha, alipewa chupa ya dawa ya kifua kwa ajili ya pacha wake mmoja, mtoto akapata nafuu chupa ikiwa bado nusu, na siku zile zile mtoto wa fundi wa kuchomelea vyuma akashikwa na kikohozi, na zahanati yetu iko ng'ambo ya reli, ina tabibu mmoja, foleni yake huanza kabla ya jua kutoka na mara nyingi ukifika dirishani unaambiwa dawa imekwisha, kanunue, basi Mama Pacha akatoa chupa yake, mimi nikavaa miwani nikasoma maandishi, mtoto wa fundi akanywa, akapata nafuu. Tangu hapo imekuwa desturi yetu: mtoto akipona, kilichobaki chupani huletwa kwangu, mtoto akiugua, mama yake huja kuchukua. Fundi mwenyewe, ambaye jina lake la uani ni Cheche, husema kwamba watu huenda zahanati kupanga foleni, dawa huja kuchukua kwa Bibi Posta.

Tena sigawi ovyo. Kila chupa naifuta mdomo kwa kitambaa safi, naitikisa, nasoma maandishi yote mpaka yale madogo ya chini, natazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na iliyopitwa naimwaga bila huruma. Kijiko nakichemsha. Mtoto huletwa amefunikwa shuka na sweta na kofia, namsikiliza anavyokohoa, namchagulia chupa. Ua huu haujapata kuzika mtoto kwa maradhi ya kifua, na nasema hivyo kwa kujiamini kwa sababu ni kweli.

Sasa nisikilize. Mvua za baridi zilipoanza, Chiriku naye alianza kukohoa. Mkwe wangu aliwahi kuniambia zamani, "Mama, mkebe ni wa ua, lakini Chiriku naomba asiguswe nao," nami nikaitikia jinsi mtu mzima anavyomwitikia mtoto, maana nililea wanne yeye akiwa hajazaliwa, basi alipokuwa saluni nikampa Chiriku dawa ya mkebeni, kikohozi kikatulia, nikasimamisha ili kilichobaki kimfae mwingine, kikarudi, nikampa ya chupa nyingine, kikatulia tena, kikarudi tena, hadi asubuhi moja mtoto akaamka hasemi. Hakusema na bomba wala na kuku. Mama yake alimvua sweta ili amvalishe jingine, ndipo akaona ngozi ya chini ya mbavu inaingia ndani kila mtoto anapovuta pumzi, akapiga ukelele, Cheche akawasha pikipiki yake ya magurudumu matatu anayobebea vyuma, tukapanda nyuma bibi, mama na mtoto, tukavuka reli, na tabibu akampokea upesi, akamsikiliza kifua, akauliza kama mtoto amepewa dawa yoyote nyumbani, mkwe wangu akajibu, "Hajanywa kitu, daktari," mimi nilikuwa nimeshika sweta, na benchi la mlangoni lilikuwa limejaa wanawake wanaonijua, wakaanza kumtibu, dawa ya kwanza haikumsaidia, wakambadilishia wakamchoma sindano, akalazwa katika wodi ndogo ya pale pale zahanati, akarudi nyumbani amekonda kama ufito, na hata leo kifua chake hakijatulia sawasawa.

Kuanzia hapo nyumba haina amani. Tabibu anasema haelewi kwa nini mtoto ambaye hakunywa dawa yoyote agomewe na dawa ya kwanza, na kwamba tukirudi kwenye miadi ijayo bila mabadiliko atatuandikia twende hospitali kubwa ya mjini, mtoto akapimwe magonjwa mengine ya kifua. Mkwe wangu ameshikilia kwamba chanzo ni saluni, eti zile harufu za dawa za nywele anazorudi nazo nguoni. Siku hizi hamshiki mtoto kabla ya kujisugua kwa sabuni, na nasikia anatafuta mtu wa kumwachia kiti chake cha kusukia. Juu ya hayo yote, muuguzi wa wodini alimweleza ubaya wa dawa zilizobaki, naye amerudi na hotuba hiyo uani: anataka mkebe uondolewe. Aliyasema hayo bombani mbele ya watu. Mama Pacha akamjibu, "Wewe kazi yako vichwa, dada. Vifua mwachie mama mkwe wako." Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo. Mkwe wangu alichukua ndoo yake kabla haijajaa akaingia ndani.

Wapangaji wameitisha kikao Jumapili ijayo, na neno la mwisho wameniachia mimi. Wengi wanataka mkebe ubaki, na mimi pia nimeona ubaki. Zahanati haijasogea, foleni haijapungua, na watoto hawataacha kukohoa eti kwa sababu msusi amesikia hotuba. Ninachokuomba ni maneno tu. Nimwambie nini mkwe wangu ili atulie, asinivunjie heshima mbele ya wapangaji, na asiache kazi yake bure?

Wako,
Mwenye Mkebe

*

Mwenye Mkebe,

Shukrani zako nimezipokea; zimechelewa lakini hazijaoza. Kwa kuwa miadi ya zahanati haingoji gazeti, jibu hili nilikutumia kwa simu kabla halijachapwa. Wasomaji watanisamehe kwa kuwapakulia kiporo.

Umeniomba maneno ya kumwambia mkwe wako. Ninayo, ila hayatakupendeza.

Barua yako ni ndefu na umeiandika vizuri, na katikati yake umefukia maneno haya: "mimi nilikuwa nimeshika sweta." Hayo ndiyo niliyorudi kuyasoma. Mengine yote, yaani mkebe, bomba, kikao, Mama Pacha na ulimi wake, yangeweza kungoja. Hili haliwezi. Tabibu anamtibu mjukuu wako akiwa amefungwa kitambaa machoni, na kitambaa hicho umekifunga wewe. Mtoto anakaribia kupelekwa mjini, atolewe damu na kupigwa picha, kwa ajili ya swali ambalo huenda jibu lake liko chini ya kitanda chako. Na mama yake anajisugua kila jioni akidhani kwamba ndiye aliyemletea mwanawe maradhi kwa mikono yake mwenyewe. Wewe unayasikia maji yakimwagika upande wa pili wa ukuta, na unanyamaza. Wahenga waliposema utu uzima dawa, hawakusema utu uzima pazia.

Sisemi wewe ni mtu mbaya. Ua unaogawana hata kijiko ni ua wenye watu, na anayeishi karibu na duka la dawa asithubutu kuwacheka. Lakini nilimsomea barua yako daktari wa watoto ninayemwamini, akasimama mahali ambapo mimi nilipita bila kuona. Ile tarehe unayoitafuta kwa miwani yako, aliniambia, ni ya unga. Dawa nyingi za kifua za watoto hutoka kiwandani zikiwa unga, nazo hutiwa maji siku ya kuanza kutumika. Zikishapata maji huishi siku chache tu, hata kama chupa imeandikwa mwaka ujao. Wewe umepikia watoto wanne. Unga hukaa kabatini miezi. Uji je?

Na hata zingekuwa nzima, dawa hizo si chumvi ya kuonja. Ukimpa mtoto kidogo ukasimamisha, vijidudu dhaifu hufa, na vile sugu hubaki vikiwa vimeshaijua dawa. Kikohozi kikitulia unadhani umeshinda, kumbe umekiziba mdomo. Tena vikohozi vingi vya watoto ni mafua, ambayo dawa hizo hazina kazi nayo na ambayo hupita yenyewe. Ndivyo mkebe wako ulivyopata sifa: umesifiwa kwa watoto ambao wangepona hata kwa maji ya bomba. Kwamba hamjazika mtoto, mshukuruni Mungu. Msiushukuru mkebe.

Kuhusu kicheko cha bombani, nina swali moja. Katika ua mzima wenye miwani, mkebe na umri, nani alimvua mtoto sweta? Wewe umekuwa ukiletewa watoto waliofungwa kama mafurushi, ukawasikiliza. Kikohozi husikika hata kwa jirani, lakini kifua kinachoshindwa kuvuta pumzi sharti ukitazame kikiwa wazi. Aliyekitazama ni mtu wa vichwa.

Basi fanya hivi. Usingoje Jumapili. Leo hii mwambie mkwe wako, wewe na yeye, bila mashahidi na bila neno "lakini". Mwambie ulimpa mtoto dawa alizokuomba usimpe, na kwamba ulisikia swali la tabibu ukanyamaza. Usimwombe asikasirike, atakasirika, na ni haki yake. Mwambie pia asiachie kiti chake. Kuoga atokapo kazini si vibaya, kwa kuwa harufu kali na moshi si rafiki wa kifua cha mtoto, ila aoge kama mtu anayetoka kazini, asioge kama mtu anayejiadhibu.

Siku ya miadi nenda nao. Mkebe uupakate wewe mwenyewe, si Cheche wala mtu mwingine. Chupa zilizopita kinywani mwa Chiriku ziweke mezani kwa tabibu, na akiuliza tena, ujibu wewe. Ukimaliza uache chupa zote huko waziharibu wanavyojua wao. Usizimwage chooni wala penye bomba.

Kisha ndipo uende kwenye kikao chako. Wapangaji hawakukufuata kwa sababu ya chupa peke yake. Walikufuata kwa sababu uko nyumbani, unajua kusoma na huchoki kugongewa mlango, na hayo hayaondoki na mkebe. Waendelee kukuletea watoto, ila waje wamevuliwa nguo ya juu, wametulia mapajani mwa mama zao, penye mwanga. Mtoto anayepumua haraka haraka hali ametulia, au ambaye ngozi ya kifua inaingia ndani, au anayekataa kunyonya na kunywa, au aliyelegea asiyeamka vizuri, au aliyeshikwa na degedege, huyo hangoji kupambazuka: Cheche awashe chombo. Na mkifika zahanati msipange foleni, piteni mbele mkaseme mtoto hapumui vizuri. Mwenye mafua tu, anayecheza na kunyonya, mpeni vinywaji, msimzibie hewa kwa manguo, na mumtazame tena jioni na asubuhi. Akibadilika, au kikohozi kikikataa kuisha, aende. Chanjo za kliniki zisirukwe hata moja, kwa maana baadhi yake ni ngao ya kifua hasa.

Mmeweza kugawana chupa, basi gawaneni foleni. Mmoja akashike nafasi alfajiri, mwingine abaki na watoto. Dawa ikitolewa, miwani yako ihakikishe kwamba inakwisha kama tabibu alivyoagiza, tena ndani ya mtoto mmoja. Na dirisha la dawa likisema imekwisha, nendeni kwa msimamizi wa zahanati wanawake wote wa ua kwa pamoja. Wewe uliyekaa nyuma ya dirisha maisha yako yote unajua jinsi mwenye dirisha anavyomsikiliza mtu mmoja, na jinsi anavyowasikiliza watu waliojaa mlangoni.

Siku hiyo ya miadi, sweta mpe mama yake alishike. Wewe sema.

*

Mshauri,

Jibu lako nililianza nimesimama nikalimaliza nimekaa.

Nilimfuata saluni. Uliagiza pasiwe na mashahidi, lakini nilimkuta ana mteja aliyesukwa nusu kichwa, na nilijua kwamba nikingoja amalize nitapata sababu ya kurudi nyumbani, kwa hiyo nilimwomba atoke hadi nje ya mlango. Alitoka na kitana mkononi. Nikasema yote, na neno "lakini" lilinijia mdomoni nikalirudisha. Akasema, "Mama, kiti nimeshamwahidi mtu." Nikamwambia akamwambie mtu huyo kwamba mama mkwe amekataa. Akanitazama. "Sikukutukana hata siku moja," akasema. "Nilikuomba tu." Akarudi ndani kwa mteja wake.

Siku ya miadi benchi lilikuwa lile lile na wanawake karibu ni wale wale, na mlango wa tabibu haufungi vizuri. Aliuliza mtoto anaendeleaje, mkwe wangu akachukua sweta mikononi mwangu akasema, "Muulize bibi yake." Nikatoa chupa moja baada ya nyingine nikaeleza. Tabibu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisoma chupa zote, akasema sasa ana mahali pa kuanzia, akaandika dawa nyingine, akasema hospitali kubwa ingoje kwanza aone kama hii itashika. Alipomwekea Chiriku chombo cha kusikilizia kifuani, mtoto akamuuliza kama anasikia alichokula asubuhi. Tabibu akasema anasikia uji. Chiriku akauliza kama sukari nayo inasikika. Mkwe wangu alicheka hadi akajifuta macho kwa lile sweta.

Kikao kilikuwa kifupi. Niliwaambia mkebe uko zahanati na hautarudi. Mama Pacha alinuna, akaniuliza sasa akimbilie wapi, nikamwambia kwanza amvue mtoto wake shati, kisha ndipo aulize. Amekuja mara mbili tangu hapo, na ya pili Cheche aliwasha pikipiki. Cheche anasema imekuwa gari la wagonjwa lisilo na king'ora, na kwamba kwa king'ora atamwazima Chiriku mwenyewe.

Lakini Chiriku hayuko kwangu. Mkwe wangu hakuachia kiti, na siku hizi akienda kazini humpeleka mtoto kwa dada yake, humrudisha jioni. Namsikia kupitia ukutani akisimulia mambo ya huko. Anaendelea kupona siku hadi siku. Mama yake hunisalimia asubuhi kwa heshima zote, nami huitikia, na sijamuuliza kama atamrudisha kushinda nami, wala sitauliza, kwa sababu safari hii neno la mwisho si langu.

Akishaamua nitakuandikia, vyovyote atakavyoamua. Bahasha ninayo, na stempu nimeshaibandika.